Je, Muziki Mzuri Huleta Moyo Mzuri?

Sisi vijana tunaoandika huku Kimara tuna wimbo wetu mmoja: sanaa humfanya mtu awe mwema. Ukisoma riwaya, ukisikiliza muziki wa maana, eti roho inasafika. Mimi nasema, ngoja kwanza.

Ipo rekodi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven iliyopigwa Berlin Machi 1942, okestra ikiongozwa na Wilhelm Furtwängler. Siku hizi unaipata kwenye simu, hata ukiwa umebanwa mlangoni mwa mwendokasi. Isikilize, bwana. Katika sehemu ya kwanza ngoma kubwa zinashuka kama mvua ya mawe kwenye bati. Mwishoni kwaya inaimba shairi la Schiller, la furaha na undugu wa binadamu, kwa sauti ya watu wanaogombea roho zao. Sijasikia upigaji mwingine ulionishika namna ile.

Sasa tazama kalenda. Mwezi huo huo, huko Poland, kambi ya Belzec ilianza kuua Wayahudi kwa gesi. Tarehe 19 Aprili, mkesha wa siku ya kuzaliwa ya Hitler, Furtwängler aliiongoza tena Simfoni ya Tisa, na Goebbels akaja kumpa mkono.

Msinijibu kwamba hayo ni ya Ulaya. Mwaka 1974 serikali ya Ian Smith ilichukua tuni ya kwaya hiyo, ikaipachika maneno mengine, ukawa wimbo wa taifa wa Rhodesia. Miaka hiyo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam, ikiwasaidia waliokuwa wakipigana na Smith. Undugu gani huo, mwenye nchi anabaguliwa kwake?

Rafiki yangu akasema, basi usiisikilize. Rahisi hivyo? Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu, Armand Diangienda aliianzisha mwaka 1994, nao wanaipiga Tisa hiyo hiyo. Waiache kwa sababu Goebbels aliipigia makofi? Thubutu! Tuni haina chama.

Naisikiliza, na nitaendelea. Ila kusema imenitakasa, hapo ulimi unakuwa mzito. Wale wakubwa wa viti vya mbele kule Berlin nao walisisimka, pengine yupo aliyefuta machozi. Kesho yake wakaenda kazini.