Kupika Matokeo

Nikiwa kidato cha nne, katika shule moja ya Kibaha, nilipika matokeo. Jaribio lilikuwa jepesi: funga jiwe kwenye uzi, libembee, pima muda, kisha kokotoa nguvu ya mvutano wa dunia. Nilipata 8.6. Darasa zima lilijua jibu ni 9.8, hivyo nikaanza na jibu na kurudi nyuma mpaka namba zikakubali. Nilipata alama zote. Kosa langu lilikuwa wapi, sikujua.

Nililikumbuka miaka mingi baadaye, niliposoma jinsi wanasayansi wanavyoiga mlipuko wa nyota kubwa kwenye kompyuta. Nyota hiyo ikiishiwa nishati, kiini chake cha chuma huporomoka kwa chini ya sekunde moja, kisha pigo hurudi kuelekea nje. Kwamba hulipuka, hakuna ubishi: mlipuko wa Februari 1987 ulionekana kwa macho matupu. Lakini kwenye kompyuta pigo lilikwama. Nyota ilikataa kulipuka.

Jibu walikuwa nalo. Waliotaka kuchunguza mambo mengine waliisukuma nyota kwa mkono, wakasema wazi kwamba wameisukuma. Swali la sababu halikufungwa. Mwaka 1985 Hans Bethe na James Wilson walieleza kuwa chembe za neutrino zinazotoka kwenye kiini zinaweza kulipasha joto pigo lililokwama na kulifufua. Hata hivyo, nyota iliyoigwa kama tufe laini iliendelea kugoma. Kompyuta zilipopata nguvu ya kuiga pande zote tatu, mchemko ukaonekana, na nyota nyingi zikalipuka zenyewe.

Mchemko huo naujua kutoka jikoni kwa bibi, Kisarawe: maharage hupanda upande huu, hushuka upande ule, na kifuniko huinuka kimoja upande.

Je, kuiga ni kujua? Naona ni kujua pale tu unapokiruhusu kile unachokiiga kikukatalie. 8.6 yangu ilikuwa na neno la kuniambia; niliinyamazisha.

Sasa nafundisha. Juzi binti mmoja aliniletea 9.4, macho chini. Wenzake wote walikuwa na 9.8. Tulipima uzi upya: alikuwa ameishia kwenye fundo, akasahau nusu ya jiwe. Alicheka. Yeye pekee aliondoka akijua.