Kazi Inayozikwa Ukutani

Mwashi huacha ukuta, seremala huacha mlango, na kila apitaye huweza kuutazama na kuutolea hukumu. Fundi bomba hana bahati hiyo. Huunga mabomba yake, saruji ikapita juu, vigae vikapangwa, na mwenye nyumba akabaki na mfereji mpya na imani yake. Kama kiungo kilipakwa gundi juu ya vumbi, au bomba lilipindwa kwa moto kwa sababu elboo imesahauliwa dukani, siri hiyo itatoka baada ya miezi, rangi ya ukuta itakapoanza kuvimba. Katika kijiji kama Mgogoni, kisiwani Pemba, barazani watu huuliza: fundi gani rahisi, fundi gani yuko karibu? Liko swali zito zaidi nyuma ya hayo, nalo ni la dini: mtu ana wajibu gani anapomkabidhi mwenzake kazi ambayo hataweza kuikagua?

Kwa Mgogoni swali hilo lina uzito wake. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, walio wengi wakifuata madhehebu ya Imam Shafi, na maji huhitajika kabla ya swala tano kama yanavyohitajika jikoni. Maji ya bomba husimamiwa na Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2006, na sehemu kubwa yake huvutwa kutoka visimani kwa pampu za umeme. Umeme wenyewe hupita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa waya uliozinduliwa mwaka 2010. Umeme ukikatika, pampu husimama na mabomba hubaki matupu. Kwa hiyo nyumba nyingi huweka tangi, na tangi huleta boya, valvu, viungo na mahali kadhaa pa kuvuja. Kitu kikiharibika usiku, wanaobeba ndoo asubuhi ni wanawake na watoto, hata kama aliyechagua fundi ni baba.

Qur'ani ina kisa cha kuajiri, na kwa namna ya kupendeza kisa chenyewe kimetokea kisimani. Ni katika Sura ya Al-Qasas. Nabii Musa, akiwa mkimbizi kutoka Misri, anafika kwenye maji ya Madyan na kuwakuta wachungaji wakinywesha, na pembeni mabinti wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Anawanyweshea bila ujira, kisha anakwenda kukaa kivulini. Baadaye mmoja wa mabinti anamshauri baba yake amwajiri mgeni yule, na anataja sifa mbili zinazomfanya afae: ana nguvu, na ni mwaminifu. Wafasiri wanaeleza kwamba nguvu zake zilionekana pale kisimani, na uaminifu wake ulionekana njiani, alipochagua kutangulia mbele ili asimtazame binti kwa nyuma. Yaani binti yule hakukisia. Alikuwa ameshaona kazi, na ameshaona mwenendo.

Tena baba alitaja masharti: miaka minane, na ikifika kumi ni kwa hiari ya Musa. Muda ulijulikana kabla kazi haijaanza. Watu wengi wanaokisoma kisa hiki kila Ramadhani humwita fundi kwa maneno "njoo utazame, tutaelewana".

Sifa mbili zile hazitengani, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Kijana anahudhuria msikitini, ana adabu, ni mtoto wa shangazi, basi hupewa kazi ya kuunga tangi jipya. Hajui kwamba bomba la PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine yenye joto lililopimwa, na kwamba lile la PVC hufutwa na kukaushwa kabla ya gundi. Uchamungu wake ni wa kweli, ustadi hana. Anayempa kazi hiyo anaweza kudhani amefanya wema wa ukoo, lakini amempa amana asiyeweza kuibeba, na kosa la kwanza ni la mtoaji. Fundi aliyepitia mafunzo ya amali, kwa mfano katika kituo cha Vitongoji hapo hapo Pemba, au aliyekaa miaka kadhaa chini ya fundi mkubwa, ana kitu cha kuonyesha: nyumba alizofanya mwaka juzi. Kwenda kuzitazama, na kuwauliza wenyewe kama alirudi alipoitwa, ndiyo njia ya binti wa Madyan.

Yuko pia wa upande wa pili: mikono myepesi, bei nafuu, maneno matamu, naye anapendekeza kuunga bomba kabla ya mita ili maji yasisomeke. Kuunga maji bila idhini ya Mamlaka ni kosa kisheria. Lakini hata kabla ya sheria, mtu huyo ameshajieleza. Ameonyesha jinsi anavyotenda pale asipoonekana, na kesho atakuwa peke yake ndani ya bafu la nyumba hiyo hiyo, akichagua kati ya valvu nzuri na valvu dhaifu kwa fedha za mwingine.

Kisha kuna jirani, ambaye katika mazungumzo ya bei husahaulika kabisa. Fikihi ya Kishafi inafundisha kipimo cha maji kiitwacho kulateni, kinachokadiriwa kuwa kama lita mia mbili. Maji yasiyofika hapo hunajisika kwa kuguswa tu na najisi. Yakifika, hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake ibadilike. Tangi la lita 500 lililojaa limeshavuka kipimo. Mtoto wa chuo anaijua kanuni hiyo kwa moyo. Fundi anapaswa kujua la ziada: presha ya bomba inaposhuka, kwa mfano pampu zikisimama, ufa mdogo uliokuwa ukitoa maji unaweza kuanza kuvuta ndani unyevu wa udongo unaouzunguka, na kama shimo la choo liko karibu, kinachovutwa kinafahamika. Vijidudu vya kipindupindu havihitaji kubadilisha rangi wala harufu ili viue. Zanzibar imeyajua maradhi hayo mara nyingi. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa kwa wakaazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na mlipuko mkubwa ukarudi mwaka 2015 na 2016. Maji yanaweza basi kufaa kwa udhu kwa kipimo cha kitabu huku yakibeba madhara, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, ambayo wanazuoni wameifanya nguzo ya sheria, inamfunga aliyeajiri fundi mbovu kwa sababu alikuwa rahisi.

Hata uvujaji mdogo una hesabu yake. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Matone manne yakichukuliwa kuwa mililita moja, hizo ni zaidi ya lita 21. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha theluthi mbili za lita. Udhu wa watu thelathini huenda mchangani kila siku kwa sababu ya mpira mmoja wa koki uliochakaa, na mwenye nyumba anasema atamwita fundi baada ya msimu wa karafuu.

Je, kazi ikiharibika, nani alipe? Hapa ndipo fikihi inapokuwa na utajiri ambao wasomaji wengi hawajaufungua. Kwa msingi, mwajiriwa ni mtu wa amana: kilichoharibika mikononi mwake bila uzembe hakidai fidia. Lakini wanazuoni wa zamani waliona kwamba mafundi wakijua hawatadaiwa kamwe, mali za watu zitapotea. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwabebesha mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa. Imam Malik alishika njia hiyo, na Ibn Rushd wa Kurtuba, katika karne ya 12, alieleza sababu yake: ni maslahi ya watu na kuziba njia ya udanganyifu.

Imam Shafi mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 820, ana habari ya kusisimua. Mwanafunzi wake Rabii bin Sulaiman, aliyeipokea kazi yake kubwa ya Al-Umm, alieleza kwamba kwa alivyomwona mwalimu wake, rai yake ilikuwa kwamba fundi hadaiwi ila kwa aliloliharibu kwa mkono wake, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo kwa kuwachelea mafundi. Inafaa kutua hapo. Mwanachuoni ambaye madhehebu yake yanafuatwa Mgogoni hadi leo aliona haki iko upande wa fundi, akazuia ulimi wake kwa sababu alijua mafundi wabaya wangeitumia haki hiyo kama kichaka. Hakuibadilisha rai yake ili iwapendeze wateja, wala hakuwapa wadanganyifu silaha. Zaidi ya miaka 1,100 baadaye, mwaka 1970, mchumi wa Marekani George Akerlof alionyesha kwa mfano wa magari ya mitumba kwamba pale mnunuzi asipoweza kupambanua kizuri na kibaya, bei hushuka, wenye vizuri hujitoa, na sokoni hubaki vibaya. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliogawana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hofu ya Imam na hesabu ya mchumi zinakutana mahali pamoja: fundi mwongo humwibia mteja, na humwibia pia fundi mkweli, ambaye bei yake ya haki sasa inaonekana ghali.

Kwa hiyo mteja naye anahukumiwa. Mafundisho ya Mtume kuhusu kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka yanajulikana na kila mtu Pemba, hata na wale wanaomwambia fundi arudi Ijumaa, kisha Ijumaa nyingine. Kipato cha kisiwa hufuata karafuu, na mwaka wa mavuno haba mikono huwa mitupu kwa kweli. Basi hilo lisemwe kabla bomba halijakatwa. Fundi aliyekubali kungoja amekopesha kwa hiari yake. Aliyegundua mwishoni kwamba hakuna fedha amedhulumiwa, na kesho hatakuja akiitwa usiku, au atakuja na bei yenye kisasi ndani yake.

Kuna kazi ambayo bei yake haiwezi kujulikana mapema: kutafuta uvujaji uliojificha. Unaweza kuwa chini ya kigae cha kwanza au chini ya sakafu nzima. Fikihi ina mkataba wa namna hiyo, uitwao juala, ambao ujira wake huwekwa kwa matokeo. Akipata, analipwa, asipopata, hadai kitu. Mkataba huu ni wa haki pale tu mwenye nyumba anapokubali pia kwamba fundi aliyeupata uvujaji kwa nusu saa, kwa sikio zuri na uzoefu wa miaka, amestahili ujira wote. Wengi huona uchungu hapo, kana kwamba wanalipa dakika.

Na dharura? Bomba limepasuka saa nane za usiku, maji yamefika chini ya kitanda cha bibi. Aliyeamshwa usingizini na kuendesha baiskeli gizani ana haki ya kuomba zaidi ya bei ya mchana. Hana haki ya kutazama hofu usoni mwa watu na kupanga bei kwa kipimo cha hofu hiyo. Wanazuoni wamelaani kumbana aliyelazimika. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba usiku, ila mchana unaonekana vizuri. Nyumba yenye busara hukubaliana na fundi wake bei ya usiku siku ambayo hakuna kilichopasuka, na kila mtu wa nyumba hiyo, watoto na dada wa kazi pamoja, huonyeshwa valvu kuu iko wapi na inafungwa vipi. Valvu ikifungwa, fundi anaweza kungojwa hadi alfajiri, na bei ya hofu haipo tena.

Suala la kuingia ndani nalo si dogo. Hodi ya Pemba ni hadi mara tatu, na isipojibiwa mtu huondoka. Fundi anaingia chooni, chumbani, uani, mahali ambapo hata shemeji hafiki, na mara nyingi mume yuko shamba au baharini. Desturi ya kumwita mzee wa jirani au kaka awepo wakati wa kazi inamlinda mwanamke, na inamlinda fundi vilevile, kwani neno moja la uongo kijijini humaliza riziki yake. Mafundi wenye heshima huiomba wenyewe: "Bi mkubwa, mwite mtu tuwe naye, kisha niingie."

Ugomvi ukitokea, kadhi hausikilizi. Mahakama za kadhi Zanzibar hushughulika na ndoa, talaka, mirathi na mfano wake. Kwa kawaida watu huanza kwa sheha, naye hana cha kushika ila maneno ya pande mbili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na Pemba wapo wengi walioihifadhi. Karatasi ya daftari la skuli inatosha: kazi gani, vifaa gani na nani atavinunua, ujira kiasi gani, nusu lini na nusu lini, fundi atarudi bure ndani ya miezi mingapi kiungo kikivuja, majina ya mashahidi wawili. Na sharti moja ambalo mafundi wazuri hawalikatai: mabomba yajazwe maji na kuachwa usiku mzima bila kufunikwa, kila kiungo kipitishwe kitambaa kikavu asubuhi mbele ya mwenye nyumba, na hapo ndipo mwashi aitwe aje kufunika.