Ukuta Uliosimama Lima

Inasimuliwa kwamba mwaka 1651 mtumwa kutoka Angola alichora Kristo msalabani kwenye ukuta wa udongo huko Pachacamilla, mtaa wa Lima walikoishi Waafrika. Miaka minne baadaye tetemeko la ardhi likaangusha nyumba na makanisa, ila ukuta ule ukabaki wima. Hadi leo, kila Oktoba, umati uliovaa zambarau huifuata mitaani nakala ya picha hiyo, Señor de los Milagros, katika mojawapo ya maandamano makubwa ya kidini duniani.

Aliyeulinda ukuta, mbona hakuzilinda nyumba?

Wenyeji wa kale wa pwani ya Peru walikuwa na jibu. Pachacamac, mungu ambaye magofu ya hekalu lake yapo kusini kidogo mwa Lima, ndiye aliyeumba na ndiye aliyetikisa. Akighadhibika, apelekewe sadaka. Mhubiri wa Kikristo anayeona adhabu katika kila tetemeko hajasogea mbali na hapo, ingawa hatapenda kuambiwa hivyo.

Wanajiolojia wanaeleza vingine. Chini ya Pasifiki, bamba la Nazca linazama polepole chini ya bara la Amerika Kusini. Mgongano huo ndio unaotikisa ardhi ya Peru, na ndio ulioiinua milima ya Andes. Upepo wenye unyevu wa Amazon hupanda miteremko ya mashariki ya milima hiyo, ukapoa na kumwaga mvua. Hapo ndipo ilipo misitu inayofunika zaidi ya nusu ya nchi. Magharibi mambo ni kinyume. Mkondo baridi wa Humboldt hupoza hewa ya pwani, ukungu hutanda miezi mizima, lakini mvua ni milimita chache tu kwa mwaka. Lima, jiji la watu wapatao milioni 10, limejengwa jangwani na linakunywa maji ya mto Rímac, unaoshuka kutoka milimani.

Basi anayetamani Peru isiyotetemeka anatamani, bila kujua, Peru isiyo na Andes, na Lima isiyo na maji. Hoja hii ina nguvu. Hata hivyo, anayemwamini Mungu mweza wa yote ana haki ya kuuliza kama kweli hapakuwa na njia nyingine ya kuinua milima.

Ana haki hasa akikumbuka tarehe 31 Mei 1970. Alasiri hiyo ya Jumapili tetemeko lilimegua pande la barafu na mwamba kutoka Huascarán, mlima wa mita 6,768, likaufukia mji wa Yungay. Miongoni mwa wachache walionusurika walikuwamo waliokimbilia kilima cha makaburi. Kwa jumla maafa hayo yaliua watu wapatao 70,000, wengi wakiangukiwa na nyumba zao za matofali mabichi.

Gustavo Gutiérrez, padri aliyehudumu miaka mingi Rímac, mtaa wa maskini wa Lima, na mwasisi wa teolojia ya ukombozi, aliandika mwaka 1986 kitabu kuhusu Ayubu na mateso ya asiye na hatia. Kilichomvutia ni pale Mungu anapojibu kwa kutaja mvua inyeshayo nyika isiyo na mtu. Kwake, ulimwengu haukupimwa kwa faida ya binadamu. Upendo wa Mungu ni wa bure, na tufani si hati ya mashtaka. Msomaji wa Lima, ambako watu wamejaa na mvua karibu hainyeshi, bila shaka huisoma aya hiyo kwa sikio lake mwenyewe.

Lakini Gutiérrez hakumbebesha Mungu kila kitu. Umaskini, alisisitiza, una watu wanaoutengeneza. Na Huascarán ilikuwa imekwisha kuonya: Januari 1962 barafu yake iliporomoka na kukifukia kijiji cha Ranrahirca, jirani ya Yungay, na kuua maelfu. Miaka minane ilipita kabla ya Yungay kufukiwa. Matofali yalikuwa bado mabichi, na swali la nani angeyabadilisha lilikuwa la serikali mjini Lima kabla halijawa la mbinguni.