Nyavu za Tiro na Nyavu za Ujiji

Katika usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, wavuvi wa Ujiji, Katonga na Kibirizi huingia Ziwa Tanganyika na taa zao kutafuta dagaa. Kukipambazuka hurudi pwani, dagaa wakaanikwa juani na nyavu zikatandazwa zikauke. Msomaji wa Biblia apitaye hapo hawezi kukosa kumkumbuka nabii Ezekieli, aliyesema juu ya Tiro, mji tajiri wa Wafoinike, kwamba utakwanguliwa hata ubaki mwamba mtupu wa kuanikia nyavu, wala hautajengwa tena.

Ujiji nao ulikuwa mji wenye jina. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe na ya watumwa ilikutana hapo. Burton na Speke waliufikia mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Kisha ziwa lilijivuta nyuma, na reli ilipofika mwaka 1914 ilikwenda kuishia Kigoma, bandari na ofisi zikaifuata. Lau kungalikuwa na aya moja ya kale iliyoutaja Ujiji pamoja na nyavu, yamkini wangalitokea watu wengi wa kuapa kwamba imetimia. Lakini hakuna nabii aliyeutaja. Nyavu za Ujiji ni ushahidi wa samaki, basi. Hapo ndipo swali linapozaliwa: neno lililonenwa zamani hujulikanaje kwamba limetimia, wala si kwamba limefanana tu na jambo lililotokea?

Habari ya Tiro yastahili kutazamwa kwa utulivu. Mji huo ulikuwa na sehemu mbili, moja bara na moja kisiwani. Ezekieli alimtaja kwa jina mfalme atakayeuangusha, Nebukadreza wa Babeli, na kazi atakayoifanya: atabomoa minara, ataingia malangoni, farasi zake watakanyaga njia zote. Nebukadreza alikuja kweli, akauzingira mji kwa muda ambao mwanahistoria Yosefo aliuhesabu kuwa miaka kumi na mitatu. Mwisho wake watu wa Tiro walikubali utawala wa Babeli, lakini kisiwa hakikutekwa kwa nguvu wala hakikubomolewa. Mwaka 332 kabla ya Kristo alikuja Iskanda Mkuu. Alichukua mawe na miti ya mji wa bara, akaimwaga baharini kuwa njia ya kufikia kisiwa, na baada ya miezi saba akakiteka. Hata hivyo mji ulisimama tena. Mtume Paulo alikaa humo siku saba, kama Matendo ya Mitume isimuliavyo, na hata leo Tiro ni mji wa Lebanoni wenye watu, masoko na mashua.

Wateteaji wa unabii hushika mawe yaliyotupwa majini, kwa kuwa Ezekieli aliyataja, na kwa kuwa alisema pia kwamba mataifa mengi yatauinukia mji huo. Hoja hii si nyepesi. Wapingaji hushika jina la Nebukadreza na ahadi ya kutojengwa tena. Hoja hii nayo ni nzito. Walakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mteteaji hulisoma neno “mawe” kama lilivyo, lakini akifika kwenye “hautajengwa” hulifanya kuwa fumbo. Mpingaji hukaza kila neno lisilotimia, na lile lililotimia huliita bahati. Wote wawili wana kipimo kinachorefuka na kufupika kwa kadiri ya nguo wanayotaka kuipata.

Ziwa Tanganyika lina mfano uwezao kukinyosha kipimo hicho. Mwaka 1874 Cameron aliufikia mlango wa mto Lukuga, upande wa magharibi wa ziwa, akasema kwamba maji hutoka hapo. Mwaka 1876 Stanley alikwenda mahali pale pale akakuta mlango umezibwa na tope na mimea. Lakini kwa kuwa aliona ziwa linapanda, alisema kwamba baada ya miaka michache maji yatapenya na kutoka kwa njia hiyo. Mwaka 1879 Hore, mmisionari aliyekuwa akikaa Ujiji, alifika Lukuga akaona maji yanakwenda kwa kasi. Miaka iliyofuata ziwa lilishuka yapata mita kumi, na ufuko wa Ujiji ukahama.

Stanley hakuwa nabii. Dalili ya mvua ni mawingu, naye aliyaona mawingu. Lakini neno lake lina sifa ambazo mwenye kudai kutimia kwa unabii hana budi kuzionyesha. Lilisemwa kabla ya jambo. Lilitaja mto mmoja, si mto wowote. Liliwekewa muda. Na kubwa kuliko yote, lilikuwa na njia ya kumwaibisha msemaji: kama Hore angalikuta tope kavu, Stanley angalikuwa amekosea, wala pasingalikuwa na tafsiri ya kumwokoa. Neno lisiloweza kushindwa kwa namna yoyote haliwezi kusemwa kwamba limeshinda.

Kwa kipimo hiki unabii wa Tiro umetimia kwa sehemu na haukutimia kwa sehemu. Mzingiro ulikuja, utajiri na enzi ya mji vilipungua, mawe yalitupwa majini. Bali aliyetajwa kwa jina hakuuteka mji na kuuteka nyara, na mji ulijengwa tena. Wapo watakaoona kwamba kusema hivyo ni kumdharau nabii. Wao na wasome mbele kidogo katika kitabu chake mwenyewe. Miaka kama kumi na sita baada ya maneno ya kwanza, Ezekieli aliandika waziwazi kwamba jeshi la Nebukadreza lilichubuka mabega kwa kazi ya Tiro lisipate ujira wowote, na kwamba badala yake litapewa Misri. Hakuyafuta maneno ya kwanza, wala hakuyapindisha. Aliyaacha yakae pamoja na ya pili, na msomaji ayaone yote.

Husemwa tena kwamba unabii ni onyo, na onyo likisikiwa adhabu huondolewa. Hilo ni kweli. Yeremia alilifundisha, na habari ya Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus, inajulikana misikitini na makanisani: watu wa mji alioonya walitubu, na adhabu ikapita. Lakini mlango huu haufunguki kwa kila apigaye hodi. Hakuna habari kwamba Tiro ilitubu. Tena Torati imetoa kipimo kingine, kwamba neno la nabii lisipotokea, Mungu hakulinena. Mtu hawezi kushika Torati neno linapotokea, na kumkimbilia Yona lisipotokea.

Ndani ya unabii mna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa: habari ya yatakayokuja, na hukumu juu ya yanayotendwa. Habari hupimwa kwa tarehe na kwa magofu. Hukumu hupimwa kwa haki. Ezekieli alipoorodhesha bidhaa za Tiro, pamoja na fedha na shaba alitaja watu waliouzwa. Hukumu hiyo ilikuwa kweli siku aliyoitamka, kabla ya jiwe moja kuanguka, na ingalikuwa kweli hata kama Tiro isingalianguka kamwe. Nayo ni kweli vile vile juu ya misafara iliyopita Ujiji na minyororo shingoni mwa watu, ingawa hakuna nabii aliyeitaja Ujiji, na ingawa wengi waliotajirika kwa biashara ile walikufa vitandani mwao kwa amani.

Kijana wa Kigoma aliyefundishwa kwamba imani yake yote inasimama juu ya magofu ya Tiro amefungiwa mzigo usio wake. Siku atakapoona picha ya mji ule na watu wake sokoni, ataona kwamba hana ila njia mbili: kuyakana macho yake, au kuitupa pamoja na hesabu ile mbaya hukumu iliyo njema. Mwalimu aliyempa mzigo huo alidhani anaulinda unabii. Angalimtendea haki zaidi kama angalimwonyesha mahali nabii alipokiri, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba jeshi lilirudi mikono mitupu.