Namba Ambayo Sikuipima

Namba ya kwanza ilikuwa 23.4. Ya pili 23.5. Ya tatu nikaandika 23.4, na hiyo ya tatu sikuipima.

Wacha nieleze kwa ambao hawakupitia hapo, au walipitia wakasahau. Katika karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya maabara, unapewa tindikali ndani ya bureti na besi ndani ya chupa. Unavuta besi kwa pipeti, unaidondoshea matone mawili matatu ya kiashirio, inageuka rangi ya waridi. Halafu unafungulia tindikali, mwisho mwisho tone kwa tone, mpaka ile waridi ipotee. Unasoma bureti, unaandika. Kisha unaosha vyombo na kuanza upya, mara ya pili, mara ya tatu. Kurudia huko ndiko kunakokwambia kama mkono wako ni wa kuaminika. Namba zikikaribiana, una haki ya kutafuta wastani. Zikiachana, kuna mahali umekosea.

Siku ile tulikuwa watano kwa bureti moja. Wenzetu waliokuja kufanya Fizikia walikuwa washajaa mlangoni na pendulamu zao. Nikaangalia namba zangu mbili, nikaona zinapendana, nikazizalia ya tatu. Mwalimu aliweka tiki. Nilipata alama zote za jedwali.

Kila aliyesoma sayansi Kenya anajua jina la kitu hiki. Tunaita kupika. Tunaliita kwa kicheko, kama vile ni ujanja wa ujana tu. Kwa miaka mitatu na mimi nililicheka.

Sisi ndio wale wa KCSE ya mwisho wa 2022. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, na kutoka hapo kalenda ikawa inafukuzana na yenyewe: mihula mifupi, likizo za kufumba na kufumbua. Mwaka 2022 peke yake ulikuwa na KCSE mbili, ya Machi ya waliotutangulia na yetu ya mwisho wa mwaka. Kidato cha nne tulikianza mwisho wa Aprili. Agosti ukaja uchaguzi mkuu, tukarudishwa nyumbani tena.

Sasa chukua kalenda hiyo uilete Mkongani. Ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka Kwale, anawaza mchanga mweupe wa Diani. Mkongani si huko. Ni huku juu, jirani na Shimba Hills, kwenye minazi na mikorosho, mahali ambapo ndovu wakitoka msituni safari ya shule inasubiri jua lichomoze, na ya kurudi lazima iishe kabla halijazama. Masomo ya usiku kwa mwanafunzi wa kutwa ni hadithi. Na shule yetu, kama nyingi za mashambani, ilikuwa na chumba kimoja cha maabara kwa sayansi zote tatu. Majaribio ambayo yangetandazwa kwa miaka minne yakarundikwa kwenye muhula mmoja. Jumatatu Biolojia, tunatafuta wanga kwa iodini. Jumatano Kemia. Alhamisi Fizikia, unahesabu pendulamu ikienda na kurudi mara ishirini huku saa iko mkononi mwa mwenzako. Jumamosi ni ya waliobaki nyuma, na kwa kweli sote tulikuwa nyuma.

Mshika mbili moja humponyoka, ndivyo wanavyosema wazee. Sisi tulishika tatu. Nilizichukua zote kwa sababu nilitaka uuguzi, na kila niliyemuuliza alinambia zichukue tu, ujiwekee milango wazi. Huku kwetu msichana anayetaka uuguzi mara nyingi anaota KMTC, na akiota vizuri anaota kampasi ya Msambweni, arudi nyumbani wikendi. Hakuna aliyenambia kwamba uuguzi unahitaji kwanza mtu anayeweza kuandika kile alichokiona. Walinambia alama.

Nikapata alama. Nikaingia chuo.

Turuke sasa mpaka wadini, mwaka wa pili, zamu ya jioni. Sitaitaja hospitali, manake kosa lilikuwa langu. Kazi ya mwanafunzi jioni ni kuzunguka kitanda kwa kitanda na chati: joto, presha, mapigo ya moyo, pumzi. Joto kipimajoto kitakupa. Presha na mapigo mashine itakupa. Pumzi ndiyo kazi. Lazima usimame, utazame kifua kikipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima. Sekunde sitini za kusimama bila kufanya chochote kinachoonekana, na vitanda vinakusubiri, na jamaa wa wagonjwa wanakuita, “Sista, sista.”

Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kitanda cha kwanza nikaandika 18. Cha pili 20. Cha tatu 18. Cha nne alilala mama mmoja wa makamo, ameegemea mto, macho yamefumbwa. Nikaandika 18.

Sista wa zamu alipita, akatazama chati, akamtazama yule mama. Hakusema neno. Alivuta kiti, akageuza saa yake, akahesabu. Alipomaliza akanionyesha: 32. Akaniambia, “Mwite daktari, halafu niletee oksijeni.” Baadaye, tukinawa mikono, aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, hii 18 uliitoa wapi?”

Yule mama alipona. Nalisema mapema ili usidhani nakuuzia stori ya kifo. Lakini lile swali sijalimaliza. Niliitoa wapi ile 18? Niliitoa palepale nilipoitoa 23.4. Ilikuwa namba nzuri, inayofanana na jirani zake, isiyomsumbua mtu. Wazee wana neno lingine, mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nilidhani nilinyonga mara moja tu, kwenye chupa ya besi isiyo na mama wala watoto. Kumbe mkono ulikuwa unajifunza.

Basi swali langu ni hili. Mtu akipewa mzigo usiobebeka, kisha akadanganya ili aonekane ameubeba, ana hatia kiasi gani?

Kuna jibu moja la kale ambalo huhusishwa na Immanuel Kant: huwezi kudaiwa kile usichokiweza. Wajibu unaanzia pale uwezo ulipo. Nililipenda sana jibu hili nilipolisikia, kwa sababu lilinitoa kifungoni. Bureti moja, watu watano, mlango umejaa. Singeweza kupima mara ya tatu. Kwa hiyo sikuwa na wajibu wa kupima mara ya tatu. Mpaka hapo hoja imesimama, na bado nasema imesimama.

Lakini itazame tena. Kushindwa kunanisamehe kupima. Hakunisamehi kuandika kwamba nimepima. Hayo ni mambo mawili, na mimi niliyafunga pamoja kama kuni. Kuiacha nafasi ya tatu tupu nilikuwa naweza. Haihitaji bureti wala muda, ni kuinua kalamu tu. Kwenye chati vilevile, ningeweza kuandika “haijahesabiwa”, na sista angejua pa kuanzia. Pengo linamwambia anayekuja nyuma yako, njoo utazame hapa. Namba ya kupika inamwambia apite.

Rafiki yangu tuliyesoma naye, sasa yuko Ukunda anafanya kazi nyingine kabisa, nilipomweleza haya alinicheka. “We wajitesa bure,” akasema. “Ungeacha wazi ungepoteza alama. Ungepoteza alama ungekosa chuo. Leo usingekuwa na wadi ya kujutia. Huo uongo ndio uliokufanya nesi.”

Hoja yake ni nzito, na sitajifanya niliijibu papo hapo. Huenda ni kweli. Mtihani haulipi pengo, unalipa jedwali lililojaa. Na upande wetu alama moja inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya chuo na kukaa nyumbani mwaka mzima ukingoja karo na bahati. Wanaosema “ngoja, haraka haraka haina baraka” mara nyingi ni wale ambao kungoja hakuwagharimu kitu. Kuna methali nyingine ya upande wa pili, ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi tumbo tunalijua.

Ila alichosema rafiki yangu kinaonyesha kwamba uongo ulilipa. Hakionyeshi nani aliyelipishwa. Pengo kwenye jedwali la Kemia lingenigharimu mimi. Namba ya kupika kwenye chati ilimgharimu mama wa kitanda cha nne, ambaye hakuwa maabarani siku ile, hakuulizwa, na hakuwa hata na nguvu ya kuuliza. Nadhani hapo ndipo kosa lenyewe linapokaa. Kupika ni kuhamisha gharama, kuitoa kwako na kumtwika mtu ambaye hayupo. Kuingia hatari kwa ajili ya ndoto yako ni ushujaa wako. Kuingiza mwingine bila habari yake kuna jina jingine.

Na usidhani namba za hospitali ni za mapambo. Kwa mtoto mwenye kikohozi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ule unaotumika mpaka zahanati zetu za vijijini, unamtaka mhudumu ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi. Wa mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5, mpaka ni 40. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyehesabiwa 38 na aliyehesabiwa 44 wanaweza kutoka mlango mmoja na dawa tofauti kabisa: mmoja kikohozi cha kawaida, mwingine nimonia. Hakuna eksirei pale. Kuna mama, mtoto aliyefunuliwa kifua, na mtu mwenye saa. Mtu huyo alijifunza wapi kuhesabu? Labda kwenye chumba kama chetu, Alhamisi, na pendulamu, huku mwenzake akimwambia, “Andika tu, zote hutoka sawa.”

Waliopanga ule muhula nao wana sehemu yao, na sitaki kuwaachia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayechora ratiba ofisini haoni uzito wa sayansi tatu kwa bureti moja. Ukimpima mtu kwa jedwali lililojaa, usishangae akikujazia. Lakini nimegundua lawama haigawanyiki kama mkate, kwamba wao wakichukua kipande kikubwa, changu kinapungua. Wao wana yao nzima. Na yangu nzima iko hapa.

Mwaka 2025 binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa Gredi ya 9, anachagua masomo ya sekondari ya juu. Wao ndio kundi la kwanza kuingia Gredi ya 10, Januari 2026, na mfumo wao unawataka wachague njia na masomo matatu juu ya yale ya lazima. Naye anataka uuguzi. Akanipigia: “Dada, nichukue Biolojia, Kemia na Fizikia zote?”

Nilikuwa na jibu la busara tayari mdomoni, la kumwambia apunguze. Nikalimeza. Mimi nilizichukua zote na ziko kichwani mwangu, sina haki ya kumfungia mlango niliopitia. Badala yake nikamuuliza, hiyo shule unayoitaka, maabara yake ina bureti ngapi? Mnafanya watu wangapi kwa kifaa kimoja? Jaribio likiharibika, kuna siku ya kulirudia? Akasema hajui. Nikamwambia aende akaulize, na kama majibu ni mabaya na bado anazitaka zote tatu, basi azichukue, ila awe tayari kupata alama ndogo kuliko wenzake kwa sababu ya mapengo atakayoyaacha.

“Yani niache wazi kwenye mtihani?” akauliza.

“Uache wazi.”

Akanyamaza kidogo. Nilisikia pikipiki ikipita upande wake, na mjomba akimwita akafunge mbuzi. Kisha akaniuliza, “Na wewe, Dada, uliacha?”

Nikamwambia hapana, nilijaza. Nikamwambia na alama nilizopata. Halafu nikamweleza habari ya kitanda cha nne, mpaka mwisho, hata pale sista aliponiuliza niliitoa wapi ile 18.