Je, Kuzihifadhi Nyota ni Kazi Bure?

Kijana mmoja wa darasa letu alituuliza: mtu akeshaye miaka akitazama mbingu ili aione nyota mpya, hali ya kuwa hana ujira, si mpuuzi huyo? Swali lastahili jawabu, kwani wengi mjini hudhani kila kisicholeta fedha ni upuuzi.

Na tutazame habari ya Mwingereza George Alcock, mwalimu wa skuli katika mji wa Peterborough. Elimu ya nyota haikuwa kazi yake. Alihifadhi moyoni mahali pa nyota zipatazo 30,000, kisha akawa akizipitia usiku baada ya usiku kwa darubini ya macho mawili. Nyota mpya ilimkataa miaka mingi, hata Julai 1967 alipoiona ya kwanza, katika kundi ambalo Waarabu huliita Dulfini. Alikufa mwaka 2000 akiwa ameziona tano. Ya mwisho aliiona mwaka 1991.

Kwa hakika alikuwa akizidurusi za kale, na ile ngeni ikajitokeza yenyewe. Aliyehifadhi Kur'ani hulijua jambo hili: msomaji akizidisha herufi moja, yeye hushtuka kabla hajafikiri ni aya gani. Asiyehifadhi husikia sauti nzuri tu.

Tena upya huo ni wa macho yetu. Nyota hiyo ni kongwe, iliyofifia. Huvuta gesi ya jirani yake, ikijaa hulipuka, ikaonekana pale ambapo jana hapakuonekana kitu. Mwaka 1006, Ali bin Ridhwan, akiwa kijana huko Misri, aliona iliyoishinda Zuhura kwa mwanga (huo ulikuwa mlipuko wa namna nyingine, mkubwa mno), akaiandika. Aliichanganya na ubashiri, nasi hatumfuati katika hilo.

Basi mkeshaji si mpuuzi, maadamu hakupoteza haki ya mtu. Twawahofia zaidi wale wampao mtazamia nyota fedha ili awachagulie siku ya harusi, nao hawaijui nyota hata moja kwa jina. Manahodha wa babu zetu walizijua.

Usiku ule tulimtaka kijana atuonyeshe Kilimia. Alinyosha kidole, wenzake wakasema siko. Wakabishana hata wingu likafunika, nasi wenyewe hatukuweza kuwaamua.