Bibi Anasema Walikuwa Mbwa

Kosa hili nililifanya mimi, mbele ya watoto arobaini na kitu, chaki ikiwa mkononi. Nalisimulia kwa sababu kila nikikutana na walimu wenzangu wa darasa la tano hadi la saba nasikia wakilisifu zoezi lililonifikisha hapo: mtoto asifungue kitabu kabla ya kumtafuta mwandishi wake. Ni zoezi jema, na mpaka leo silikosi. Lakini nilivyolifundisha mwaka ule, lilimnyamazisha mtoto aliyekuwa na habari kutushinda sote.

Lilikuwa darasa la sita, hapa Tanga. Kitabu kilikuwa Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Shaaban Robert ni mtu wa kwetu, amezaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, nami nikaona watoto hawatahangaika kumpata. Nikaandika ubaoni: amezaliwa lini, wapi, alifanya kazi gani, ameandika vitabu gani. Nikawapa wiki moja.

Wiki ilipokwisha nikapokea karatasi nyingi zilizotoka steshenari moja, zimechapwa kutoka ukurasa mmoja wa intaneti, na kosa la herufi lililokuwa kwenye moja lilikuwa kwenye zote. Mtoto mmoja aliandika kwamba mwandishi alikuwa Mzungu, kwa kuwa anaitwa Robert. Wenzake wakamcheka, nami nikasahihisha kwa kalamu nyekundu nikapita. Ningesimama hapo. Yule mtoto alikuwa amefanya jambo ambalo wale wa steshenari hawakulifanya: ameliangalia jina, akajiuliza, akakisia. Kilichobaki kilikuwa kumwonyesha namna ya kuupima ukisio wake, kwamba jina Robert halikumzuia mtu yule kuwa Mwislamu wa pwani ya Tanga.

Tukaanza kusoma. Nakala zilikuwa tano, kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa sauti na wao wanafuatilia kwa makundi. Tulifika pale ambapo mjumbe wa mfalme aliyekuja kudai kodi anagundua siri ya Adili: ana manyani wawili nyumbani, na kila usiku huwachapa, kisha huwalisha. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Kisha mkono ukanyooka mbele. Kijana hodari, mwenye karatasi safi kuliko zote.

"Mwalimu, najua kwa nini ni manyani. Shaaban Robert alifanya kazi Idara ya Wanyama, Mpwapwa. Huko ndiko alikowaona."

Nilifurahi mno. Nilikuwa nimesubiri mtoto aunganishe maisha ya mwandishi na kitabu, na huyu ameunganisha. Nikamwita mbele, nikaliambia darasa limpigie makofi, nikaandika jibu lake ubaoni, nao wakalinakili madaftarini. Sikumwuliza karani wa idara hiyo alikuwa akifanya kazi gani, kama aliwaona manyani au aliyaona mafaili. Sikumwuliza ni mstari gani wa hadithi unaomshuhudia. Ni kweli kwamba Shaaban Robert, baada ya miaka mingi ya ukarani wa forodha kule Pangani, alifanya kazi katika Idara ya Wanyama katika miaka ya arobaini. Hilo la kweli lilitosha kunifanya nilipokee na lile la kubuni lililopandishwa mgongoni mwake.

Kesho yake, kabla sijafungua kitabu, binti wa dawati la nyuma alisimama. Hakuwa na karatasi ya steshenari. Zoezi la wiki ile hakulileta, na nilikuwa nimemwandikia sifuri.

"Mwalimu, bibi anaijua hii hadithi. Lakini bibi anasema walikuwa mbwa."

Darasa likacheka. Nami, jibu la manyani likiwa bado ubaoni tangu jana, nikamwambia, "Sisi tunamsoma Shaaban Robert. Hatusomi hadithi za bibi. Kaa chini." Akakaa. Mwaka ule hakunyoosha tena mkono katika kipindi changu. Ulipokwisha, mama yake akahama naye.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nasoma Alfu Lela U Lela, kwa raha zangu tu, nikafika kwenye kisa cha Abdalla bin Fadhil, liwali wa Basra. Mjumbe wa Harun Rashid anakuja kuchukua kodi. Usiku anamchungulia mwenyeji wake, anamwona akichapa mbwa wawili, kisha akiwalisha. Mbwa hao ni ndugu zake, waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Niliendelea, nikaukuta na mji ambao watu wake wamekuwa mawe, kama ule aliouona Adili. Nikaweka kitabu chini. Yule binti alikuwa ametuletea mzizi wa hadithi yenyewe, umeletwa na bahari na midomo ya watu mpaka barazani kwa bibi yake, na mimi nilimwambia akae chini.

Fikirini somo tulilolikosa. Kama darasa lingejua kwamba katika kisa cha zamani walikuwa mbwa, swali la nyani lingekuwa swali kweli: mwandishi aliyekikuta kisa kina mbwa, kwa nini aseme nyani? Kwa nini ndugu wale awaite Hasidi na Mwivu, majina yanayowahukumu kabla hawajatenda lolote? Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulitafuna swali hilo siku tatu. Jibu la Mpwapwa lilifunga mjadala kwa dakika moja, nasi tukapiga makofi.

Tangu hapo nimebadili zoezi. Mtoto halileti jibu peke yake. Pembeni anaandika "nimejuaje", na hapo anataja kitabu, mtu, au kwamba amekisia tu. Kukisia kunaruhusiwa, mradi kuitwe kwa jina lake. Na bibi, babu, mvuvi, fundi cherehani, wote wanahesabiwa kuwa chanzo, wakipimwa kama tunavyoupima ukurasa wa intaneti. Nawaambia pia kwamba Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyeanza maisha kwa kufinyanga na kuuza vyungu, na kwamba naye alihitaji kuuliza na kusikiliza kabla ya kuandika.

Halafu nawapa habari moja ya maisha ninayoipenda kuliko zote: kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, naye akazihifadhi mpaka zikawa kitabu, zikianzia 1931 hadi 1958. Mtu huyo huyo, aliyempenda nduguye kiasi hicho, ndiye aliyewaandika Hasidi na Mwivu. Hapo nanyamaza. Kila mwaka mtoto mmoja huniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu?" Nami humwambia akatafute kwenye kitabu, na asipokuta, aseme hakukuta.

Lakini deni lilikuwa limebaki. Mwaka jana nilimwulizia yule bibi, nikaelekezwa, nikaenda Jumamosi jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamwambia nimekuja kusikiliza kisa cha liwali na mbwa wake. Hakushangaa. Akajifuta mikono kwa kanga, akaanza, na ulikuwa usiku alipomaliza. Vilikuwamo vitu ambavyo sijavikuta kwenye kitabu chochote: jina alilomwita jini aliyewageuza ndugu wale, na wimbo mfupi ambao mbwa wanaulia wakisubiri kiboko. Aliuimba mara mbili. Kisha akanitazama.

"Wewe ndiwe mwalimu wa mjukuu wangu."

"Ndimi, bibi."

"Alikuja mbio siku ile, hata sare hakuvua. Akaniambia, bibi, ile hadithi yako iko shuleni, nisimulie tena. Nikamsimulia. Akasema tena, polepole, nataka nisikosee mbele ya mwalimu. Nikamsimulia mara ya pili, mpaka kibatari kikazima. Kesho yake aliporudi hakunena kitu, nami sikumwuliza." Akaikunja kanga mapajani. "Ulimwambiaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno.